Hiace, Noah na TownAce za petroli zinazomisi na kuzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kumisi ni silinda moja au zaidi kukosa kuwaka. Majibu haya yanahusu magari ya petroli yenye injekta (vinavyonyunyizia petroli) na distribyuta (kinachogawa moto kwa plagi), ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000: Hiace za injini 1RZ-E na 2RZ-E, TownAce na Liteace za 7K-E, TownAce Noah za 3S-FE, na mengine ya rika hilo. Vipimo vilivyotajwa ni vya Toyota. Magari haya bado yanabeba viazi kutoka Molo, samaki kutoka Kisumu na watoto wa shule kila mtaa, na wenyewe wanapoteza pesa nyingi kwa kubadilishiwa vipuri kwa kukisia. Kwa hiyo hapa kipimo kinatangulia, kipuri kinafuata.

Gari linatetemeka na kuzima. Nianze wapi?

Anza kwa kujua linafanya hivyo lini, kabla hata ya kufungua boneti au kuinua kiti. Likisumbua asubuhi likiwa baridi tu, shuku sensa ya joto la maji, hewa ya kuwashia baridi, au plagi zilizolowa. Likisumbua likishapata moto, shuku koili (inayozalisha umeme mkali wa plagi), ignaita (kisanduku cha elektroniki kinachoiendesha koili), sensa iliyo ndani ya distribyuta, relei (swichi ya umeme), au pampu ya mafuta. Likitetemeka likiwa limesimama lakini likatulia ukikanyaga mafuta, tafuta hewa inayoingia pasipostahili, uchafu kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), au vali iliyokazwa mno. Likiwa zuri mjini lakini linakufa mlimani likiwa na mzigo, hiyo ni presha ya mafuta, waya za plagi au ekzosti iliyoziba. Likisumbua baada ya mvua au kuoshwa, tatizo liko upande wa moto wa plagi.

Dereva ndiye anayejua mambo haya, si mwenye gari aliyeko nyumbani. Fundi azungumze na dereva moja kwa moja.

Halafu pima kwa mpangilio huu: betri na chaji, kodi (namba za hitilafu) zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya injini, moto wa plagi, hewa, mafuta, na mwisho kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Sababu ya kuanza na betri ni kwamba multimita ya bei ndogo inatosha na inachukua dakika mbili. Injini ikiwa imezimwa betri isipungue volti 12.4, ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.8. Chaji ikiwa chini, injekta zinachelewa kufunguka, moto unadhoofika, pampu inazunguka polepole, na utajikuta unafukuza matatizo matatu ambayo chanzo chake ni alternata moja.

Nitasomaje kodi na gari langu halina soketi ya mashine ya kisasa?

Huhitaji mashine. Tafuta kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS au DIAGNOSTIC, karibu na injini au chini ya kiti. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya vishimo. Washa swichi bila kupiga stata, gia iwe nyutro, AC izimwe, mguu usiguse mafuta. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya (kwenye magari ya zamani zaidi TE1 huandikwa T tu). Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa.

Ikipepesa mfululizo kwa kasi ileile bila kupumzika, hakuna kodi. Ikiwa na kodi, itapepesa tarakimu ya kwanza, itapumzika kama sekunde moja na nusu, kisha itapepesa tarakimu ya pili. Pepesa mbili, kimya, pepesa mbili: hiyo ni 22. Andika zote, kwa sababu zinajirudia kwa mzunguko, kuanzia namba ndogo.

Unazoweza kukutana nazo zaidi ni 12 na 13 (ishara ya mzunguko kutoka distribyuta haifiki), 14 (ignaita haijibu kompyuta), 21 (sensa ya oksijeni), 22 (joto la maji), 24 (joto la hewa), 31 (sensa ya vakyumu au mita ya hewa), 41 (sensa ya throto). Kodi 51 isikutishe: inatokea AC ikiwa imewashwa au mguu ukiwa kwenye mafuta wakati wa kusoma.

Kodi inakuonyesha njia, haikutajii kipuri kilichokufa. Kodi 22 inaweza kuwa sensa, plagi yake iliyolegea, au waya uliotafunwa na panya. Baada ya kurekebisha, ifute kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa angalau sekunde 10, kisha endesha na usome upya.

Wakati huohuo, usisahau kwamba TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa ndipo taiming (wakati wa plagi kutoa moto) hupimwa kwa taa ya taiming. Bila kuunganisha, kompyuta inajisogezea moto mbele na fundi ataishia kuzungusha distribyuta mahali pasipofaa. Kwenye 3S-FE kipimo ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa injini nyingine soma kibandiko cha gari lako.

Nitajuaje silinda ipi inamisi?

Injini ikiwaka na kunguruma bila kukanyagwa, chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, rudisha, nenda kwa inayofuata. Silinda inayofanya kazi ikikatiwa mafuta, mngurumo unashuka na gari linatikisika zaidi. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo inayolala.

Tafadhali usitumie njia ya kuvuta waya za plagi injini ikiwaka. Moto usiopata pa kwenda unatafuta njia kupitia koili na ignaita, na vyote viwili ni ghali kuliko plagi. Pia petroli isiyoungua inaingia kwenye kataliti (kisafisha moshi cha ekzosti) na kuiunguza kwa ndani.

Ukishaipata silinda, zima injini. Hamisha plagi yake kwenda silinda ya jirani na uone kama tatizo limehama. Halijahama? Hamisha waya. Bado? Pima injekta: kati ya pini zake mbili usome takribani omu 12 hadi 16, na zote nne zikaribiane. Kisha weka bisibisi ndefu juu ya injekta injini ikiwaka na sikio kwenye mpini. Inayofanya kazi inagonga tik-tik-tik kwa uwazi. Ikiwa omu ziko sawa lakini haigongi, ama ishara haifiki kutoka kompyuta au sindano imeganda. Ikigonga vizuri na plagi ina moto, pima kompresheni ya silinda hiyo.

Mpangilio wa moto kwenye injini hizi za silinda nne ni 1-3-4-2. Hakikisha hakuna aliyebadilisha waya mbili wakati wa kubadilisha kifuniko cha distribyuta. Kosa hilo hutokea sana kwenye Hiace, kwa sababu injini iko chini ya viti na mtu anafanya kazi kwa kupapasa.

Plagi zangu ni mpya. Bado zinaweza kuwa tatizo?

Ndiyo, kwa sababu plagi bandia zimejaa madukani. Dalili yake ni kauri ambayo haijakaa katikati, maandishi yanayofutika kwa kidole chenye petroli, na nyuzi za skrubu zenye makali. Nunua mahali pa kupata risiti na pa kurudisha. Pengo la plagi za kawaida kwenye injini nyingi za aina hii ni milimita 0.8, za platinamu zilizowekewa 3S-FE ni milimita 1.1. Pima kwa geji. Macho hayaoni tofauti ya nywele mbili.

Plagi ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, silinda inaungua vizuri. Nyeusi kavu yenye masizi: mafuta mengi mno. Nyeusi yenye utelezi: oili inapanda. Nyeupe kama chaki: mafuta machache au moto uliotangulia mno. Iliyolowa petroli: haipati moto. Kwenye 3S-FE angalia pia mashimo marefu plagi zinamokaa. Gasketi ya kifuniko cha vali ikichoka, oili inajaa humo, inalainisha mpira wa waya, na moto unapitia pembeni badala ya kuruka kwenye pengo.

Waya za plagi: kila mmoja usizidi kilo-omu 25. Pima huku ukiupinda, kwa kuwa waya uliokatika ndani husoma sawa ukiwa umenyooka.

Likiwa baridi ni zuri, likipata moto linazima ghafla. Baada ya nusu saa linawaka tena kama hakuna kilichotokea. Ni nini?

Hili ndilo tatizo linalotafuna pesa nyingi kuliko yote, kwa sababu gari likifika kwa fundi limeshapoa na kila kitu kinapima sawa. Ushahidi unapatikana pale pale barabarani, katika dakika kumi za kwanza baada ya kuzima. Dereva afundishwe mambo manne ya kuangalia, na akipiga simu kwa fundi ayaseme.

Kwanza, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini inawaka? Isipowaka, kompyuta haipati umeme: relei kuu ya EFI (mfumo wa injekta), fyuzi yake, au swichi yenyewe. Relei za umri huu hupata nyufa kwenye risasi ya ndani. Joto likipanda ufa unafunguka, likishuka unajifunga. Gonga relei kwa mpini wa bisibisi. Gari likiwaka umeshapata jibu.

Pili, piga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko, kama gari lina mita hiyo. Mshale ukitetemeka kidogo, ishara ya distribyuta inatoka. Ukilala kabisa sifuri, shuku sensa ya ndani ya distribyuta au ignaita.

Tatu, sikiliza pampu. Kwenye kisanduku kilekile cha kodi, unganisha FP na +B swichi ikiwa imewashwa. Pampu inapaswa kuvuma kwenye tenki. Ikivuma kwa njia hiyo lakini haivumi ukipiga stata, pampu ni nzima. Relei yake au ishara ya injini ndiyo iliyokatika. Isipovuma kabisa, piga tenki kwa chini na kiganja au kipande cha mbao. Pampu ikiamka kwa kupigwa, brashi zake zimekwisha na haitakufikisha mbali.

Nne, moto. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya mmoja, igandamize kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Fanya hivyo mbali na mahali penye harufu ya petroli, na kamwe usishike waya kwa mkono mtupu.

Pampu inavuma lakini hakuna moto: upande wa koili, ignaita na sensa. Moto upo lakini pampu iko kimya: upande wa mafuta. Vyote havipo: umeme mkuu au ishara ya distribyuta, kwa sababu ishara hiyo ikikatika kompyuta huzima pampu pia kwa usalama.

Ukirudi gereji, tatizo linaweza kuitwa kwa makusudi. Pasha ignaita au distribyuta kwa mashine ya kukaushia nywele huku ukipima omu za sensa. Sensa ikisoma omu mia kadhaa ikiwa baridi kisha ikakatika kabisa ikipata joto, umeshaipata, na hakuna sababu ya kununua kitu kingine siku hiyo.

Mngurumo unapanda na kushuka wenyewe bila mtu kukanyaga. Kwa nini?

Kabla ya kugusa chochote, angalia maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Injini nyingi za aina hii zina vali ya hewa inayoongozwa na joto la maji. Maji yakipungua, au hewa ikinaswa kwenye bomba lake, vali inadhani injini ni baridi na inaacha hewa nyingi ipite. Mizunguko inapanda, kompyuta inaona throto imefungwa huku injini ikikimbia, inadhani gari linateremka, inakata mafuta. Mizunguko inashuka, mafuta yanarudi, inapanda tena. Watu wamebadilisha kompyuta kwa tatizo la lita moja ya maji.

Maji yakiwa sawa, safisha throto. Mvuke wa oili unajenga ukoko mweusi kwenye ukingo wa kipepeo (bamba la throto linalofungua na kufunga) na kwenye tundu la hewa ya kungurumia. Vua bomba la hewa, nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kitambaa, futa ukingo na nyuma ya kipepeo hadi chuma king'ae. Usimimine dawa hadi ichuruzike ndani ya sensa ya throto iliyo pembeni. Na usiguse kabisa kile kiskrubu kidogo kinachozuia kipepeo kufunga. Kiwandani kiliwekwa na kufungwa kwa rangi. Ukikigeuza, sensa ya throto haitambui tena kuwa mguu umetoka kwenye mafuta, na kodi 41 au mtetemeko mpya unaanza.

Hewa inayovuja naitafutaje?

Jua kwanza gari lako linapima hewa kwa njia gani, kwa sababu dalili zinapingana. Lenye sensa ya vakyumu (kisanduku kidogo chenye mpira mwembamba kutoka kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda) likiingiza hewa ya pembeni, kompyuta inaongeza mafuta kulingana na presha na mngurumo unapanda. Lenye mita ya hewa kwenye bomba la chujio halioni hewa hiyo kabisa; mafuta yanakuwa machache, linatetemeka na kuzima.

Shuku mipira kwanza. Joto la chini ya viti vya Hiace linaikausha hadi inavunjika kama biskuti. Bana mpira mmoja mmoja kwa koleo lenye kitambaa; ukibana na mngurumo ukatulia, uvujaji uko mbele ya hapo. Usisahau mpira mnene wa breki, vali inayorudisha mvuke wa oili, na upande wa chini wa bomba kubwa la mpira linalotoka kwenye mita ya hewa, ambako nyufa zinajificha hadi ulivue na kulikunja. Kwenye gasketi ya manifoldi nyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya mimea. Mngurumo ukibadilika, hapo panavuja. Dawa ya kabureta hutumika pia, lakini juu ya ekzosti yenye moto inaweza kuwaka, na injini iko chini ya kiti ulichokalia.

Mpira mwembamba wa sensa ya vakyumu unastahili kutazamwa peke yake. Ukichomoka, kompyuta inadhani injini ina mzigo mkubwa, inamwaga mafuta, moshi mweusi unatoka, na gari linazima.

Fundi aliondoa thamostati ili injini isichemke. Ina uhusiano na kumisi?

Ina uhusiano mkubwa. Kwenye injini ya kabureta uharibifu wake ulikuwa unachelewa kuonekana. Kwenye injini ya injekta unaonekana haraka. Thamostati ya kawaida huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Ikiondolewa, maji yanazunguka muda wote, na asubuhi za Julai Nakuru, au usiku ukipita Londiani, injini inaweza kusafiri kutwa bila kufika joto lake. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli kama mtu aliyewasha gari sasa hivi. Plagi zinajaa masizi, mafuta yanakwisha, oili inachanganyika na petroli na kupoteza unene, na gari linamisi.

Halafu mwenye gari anauziwa injekta.

Kama gari linachemka, sababu ni rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, au gasketi ya silinda. Kifuniko kina maana zaidi kwetu kuliko pwani: kwenye mwinuko wa Nakuru maji yasiyo na presha yanachemka karibu nyuzi 94. Tengeneza hicho, kisha rudisha thamostati.

Sensa ya joto la maji inapimwa kwa urahisi. Ichomoe soketi, weka multimita: maji yakiwa nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3, yakiwa nyuzi 80, kilo-omu 0.2 hadi 0.4. Usiichanganye na ile ya mshale wa dashibodi, ambayo mara nyingi ina waya mmoja. Ya kompyuta ina mbili.

Linakufa nikipanda mlima. Tambarare halina shida.

Pima presha ya mafuta kwa geji, gari likiendeshwa kama inawezekana. Kwenye 3S-FE, likinguruma na mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa mahali pake, tarajia psi 31 hadi 37; ukiuchomoa na kuuziba, 38 hadi 44. Injini ndugu zake hazitofautiani sana. Baada ya kuzima, presha isishuke chini ya psi 21 kwa dakika tano. Ikishuka mara moja, vali ya pampu, regyuleta au injekta inavuja, na gari litakuwa gumu kuwaka likiwa moto.

Presha ikiwa sawa likinguruma lakini ikaanguka ukikanyaga, chujio limeziba au pampu imechoka. Badilisha chujio kwanza, maana ndilo rahisi. Likiwa halijabadilishwa kwa kilomita 40,000, libadilishe hata bila kupima. Kisha pima wingi: mafuta yanayorudi tenki kupitia mpira wa marejeo yajaze nusu lita kwa takribani sekunde 30, pampu ikiendeshwa kwa FP na +B. Kazi hii ifanyiwe nje, kizima moto kikiwa karibu, na presha iwe imetolewa kabla ya kufungua bomba lolote: chomoa soketi ya pampu, acha injini ife yenyewe, kisha fungua taratibu ukiwa umeshika kitambaa.

Kuna dalili moja inayotambulisha uchafu wa tenki. Gari linaisha nguvu mlimani, dereva anasimama dakika tano, linaendelea tena kilomita chache, linarudia. Uchafu unavutwa kwenye kichujio cha ndani ya tenki, pampu ikizimwa unaanguka. Shusha tenki, lioshe. Chujio la nje peke yake halitasaidia.

Chomoa pia mpira wa vakyumu wa regyuleta na unuse. Ukiwa na petroli ndani, ngozi ya regyuleta imepasuka na injini inakunywa mafuta ghafi.

Ikiwa mafuta yako sawa, shuku kataliti iliyoziba. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele yake, jaribu mlima uleule. Makelele yataongezeka, lakini nguvu ikirudi, umeshajua.

Kisumu lilikuwa zuri. Nakuru limekuwa zito. Mwinuko unaweza kuleta hilo?

Kwa kiasi, ndiyo, na ni muhimu kujua kiasi hicho ili usitengeneze kitu kisichoharibika. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, na ukifika Timboroa umepita 2,700. Hewa ya Nakuru ina uzito wa takribani moja ya tano chini ya ile ya pwani, na nguvu ya injini inapungua kwa kiwango hichohicho. Lakini injekta inajipimia: gari litakuwa zito, halitamisi wala kuzima. Likimisi, mwinuko umefichua udhaifu uliokuwapo.

Pia usihukumu geji kwa namba za vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari. Vakyumu ya injini nzima huandikwa inchi 17 hadi 22 za zebaki. Punguza takribani inchi moja kwa kila mita 300. Kwa hiyo Kisumu tarajia 13 hadi 18, Nakuru 11 hadi 16. Kompresheni nayo inashuka. Kinachohukumu ni tofauti kati ya silinda: isizidi psi 14.

Mafuta mabaya nitayajuaje?

Chota petroli kutoka tenki au kabla ya chujio, iweke kwenye chupa ya kioo, iache saa moja. Maji yatakaa chini kwa mstari ulio wazi. Kwa mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka haraka bila kuacha doa la maana, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalodumu. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji, faida ya mchezo huo ilipungua, lakini petroli ya jerikeni njiani bado ni bahati nasibu, hasa kwa maji na takataka.

Linasumbua mvua ikinyesha tu, au baada ya kuoshwa.

Unyevu kwenye distribyuta, waya au koili. Subiri giza, washa injini, nyunyizia maji kidogo juu ya waya: utaona cheche za buluu zikikimbia mahali palipopasuka. Fungua kifuniko cha distribyuta, kikaushe, tafuta mistari myembamba ya masizi kama mizizi. Ikiwapo, kifuniko na roto (kinachozunguka ndani yake) vibadilishwe pamoja. Maji yakiwa yamefunika barabara kule Ahero, ingia polepole, na uchunguze mpira unaoziba chini ya distribyuta baadaye. Waambie wa karwashi wasielekeze mashine ya presha kwenye injini.

Fundi anasema ni kompyuta. Nikubali?

Bado. Kompyuta huharibika mara chache kuliko waya wake. Mwombe akuonyeshe kwanza umeme unaoingia na athi (waya wa ardhi) inayotoka. Kutoka ncha hasi ya betri hadi chuma cha injini, na kutoka injini hadi athi ya kompyuta, multimita isisome zaidi ya volti 0.2 injini ikiwaka na taa zote zikiwa zimewashwa. Ikizidi, safisha bolti za athi kwa msasa na uzikaze. Pima pia volti za AC kwenye betri, zikipita 0.5, dayodi za alternata zimeharibika na kelele zake zinavuruga sensa. Vyote vikiwa safi, fungua kisanduku cha kompyuta na utazame kapasita: zikiwa zimevuja majimaji na kula njia za shaba, fundi wa elektroniki anaweza kuzibadilisha bila kununua kompyuta nzima.

Linatetemeka likiwa limesimama, lakini kwa kasi ni zuri, na plagi, hewa na mafuta viko sawa.

Kama vali za injini yako ni za kurekebishwa, pima pengo lake. Vali iliyobana haifungi vizuri injini ikipata moto, inavuja kompresheni wakati wa mwendo wa polepole na kuficha hilo kwa kasi. Ukiichelewesha, inaungua. Silinda yenye kompresheni ndogo, mimina kijiko cha oili na pima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi.

Naweza kuendelea kufanya kazi nalo likimisi?

Kama kuna harufu ya petroli ndani ya gari, hapana, hata kilomita moja. Injini iko chini ya abiria na ekzosti iko hapo hapo. Kama linazima ghafla likienda, hapana pia: breki zitakuwa nzito baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani wa pawa unagoma. Kumisi silinda moja bila harufu kunaweza kukufikisha gereji ya karibu, kwa mwendo wa pole.

Baada ya kutengenezwa, nijaribu vipi kabla ya kulirudisha kazini?

Futa kodi, washa, acha lipate moto hadi feni iwake au mshale utulie. Mngurumo ukae kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika, taa na feni zikiwashwa usizame. Kisha litafutie mlima. Walio Nakuru wapande kutoka Salgaa hadi Sachangwan. Walio Kisumu wapande kutoka Mamboleo hadi Kiboswa. Nenda na mzigo, gia ya tatu, bila kupumzisha mguu. Ukifika juu, zima, subiri dakika 15 joto lipande kwenye injini iliyosimama, kisha washa. Likiwaka kwa stata fupi na kunguruma sawa, soma kodi mara ya mwisho. Taa ikipepesa mfululizo bila kupumzika, mlipe fundi.